Simu Iliyouliza Mara Elfu Nne

2 Machi 2022, Jumatano

Bando la mwezi mzima la modemu yangu, ambalo na wapangaji wanalitumia, limekwisha leo, tarehe mbili. Nililinunua juzi. Nimekaa nikatafuta mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Selestine, mpangaji wa chumba cha uani, ana kitochi kisichojua hata picha. Mimi nasoma barua pepe na kusikiliza mahubiri. Anabaki Nashoni wa chumba cha mbele, anayeendesha pampu ya maji kule kwenye maduara ya dhahabu. Huyo hulala simu ikiwa kifuani inaimba.

Nimemuuliza. "Mwalimu, mi naangaliaga bei ya dhahabu tu. Haya mengine yanajileta yenyewe." Akaninyooshea simu. Kweli yalikuwa yanajileta: kamari, mikopo ya dakika tatu, dawa ya nguvu za kiume, msichana anayecheka hovyo. Nimefundisha kompyuta Tarime mjini miaka kumi na tisa. Sikurudi kwenye nyumba ya marehemu mume wangu ili nije kuwalipia watu matangazo ya kamari.

5 Machi, Sabato

Kanisani tumebaki wanawake. Kwaya ya wanaume ina sauti mbili, na moja ni ya mzee asiyesikia vizuri. Wengine wote rashi ya dhahabu imewameza. Tangu mtu alipookota jiwe linalong'aa kwenye shamba la mtama mwezi wa kwanza, wamekuja watu wa Geita, wa Kahama, hata wa Migori. Kilima kizima sasa ni mashimo, kila duara na kambi yake, kila kambi na mapanga yake.

Tulipotoka tulimkuta kijana mbele ya duka la soda, kichwa kimepasuliwa kwa koleo. Waligombania mfuko mmoja wa mchanga. Boke alivua kilemba chake akamfunga. Huyu ndiye rafiki yangu hapa, tunaimba sauti ya kwanza pamoja. Mumewe Athanas, baba Nyangi, ni kamanda wa sungusungu. Alifika upesi, akaandika majina ya walioona, akasimamisha pikipiki, kijana akapelekwa zahanati. Mtu wa utaratibu. Tungekuwa nao watano kama yeye tungelala usingizi.

9 Machi, Jumatano

Mdogo wangu Okech kaja kutoka Migori na kikompyuta chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. "Dada, hii ni kakitu kadogo lakini itakusaidia sana. Hizo ads zote zitakufa, utaona."

Nimekiita kibao. Simu yenyewe haijui njia. Kila inapotaka kufungua kitu, inauliza kwanza jina hilo linakaa wapi, na kuna mtambo wa mbali unaoijibu. Tumeiagiza modemu iache kuuliza mbali, iwe inauliza kibao hiki hapa sebuleni. Kibao kina orodha ya majina zaidi ya laki moja, ya watangazaji na ya wale wanaomfuatilia mtu anapita wapi na anagusa nini. Simu ikiuliza jina lililomo, kibao kinajibu kwamba halipo. Tangazo linakosa njia, bando langu linabaki.

Tumemaliza saa kumi na moja. Okech akala ugali na sato, akapanda pikipiki ya Sirari.

12 Machi, Sabato

Kati ya kila maswali kumi ya simu ya Nashoni, sita ni ya matangazo na upelelezi. Sita! Na kibao kinaandika kila kitu: saa, simu, jina lililoulizwa. Nakisoma kama gazeti. Nimemwambia Boke kwamba sasa najua kila simu ya ua huu inauliza nini. "Hata mchungaji hajui hivyo," amesema, akacheka mpaka akakaa chini.

14 Machi, Jumatatu

Mvua. Nguo hazikauki.

17 Machi, Alhamisi

Nashoni analalamika kwamba programu yake ya bei ya dhahabu inasuasua. Nimemwambia ahame. Hakuhama.

22 Machi, Jumanne

Maduara mawili yamekutana chini ya ardhi. Wachimbaji wa huku walitoboa wakawakuta wa kule, na wakapigana humo humo gizani kwa nyundo na tindo, mita arobaini chini. Wa juu wakawasha matairi wakasukuma moshi ndani ili wa kule watoke. Moshi uliwapata wote, wa kule na wa huku, na wanne walitolewa wamekufa.

Nashoni amerudi saa kumi jioni, damu mpaka kwenye viwiko. Nikamgombeza kwa kulitumia beseni langu jeupe. Alisema tu, "Samahani mwalimu, nitaliosha." Jioni Selestine ndiye aliyeniambia kwamba Nashoni alishuka mara tano na kamba kiunoni kuwavuta watu, wenzake wakiwa wamekimbia. Nimempelekea chai.

31 Machi, Alhamisi

Bando limefika mwisho wa mwezi na limebaki. Furaha yangu haielezeki.

10 Aprili, Jumapili

Kuna jina moja refu, limejaa tarakimu, ambalo simu ya Nashoni inaliuliza kutwa kucha. Nimelifuatilia. Ni la kampuni ya mbali inayonunua habari za watu, na programu ile ya bei ya dhahabu ndiyo inayoipelekea. Kibao kinaijibu kwamba halipo. Basi inauliza tena. Inajibiwa halipo. Inauliza tena. Ningeiruhusu ingeuliza mara chache ikanyamaza, lakini kwa kuwa nimeifungia, haichoki. Jana mara mia tisa. Ningeweza kumwambia Nashoni aifute. Nimeacha hivyo hivyo, inanifurahisha kuiona inavyohangaika.

19 Aprili, Jumanne

Mvua kubwa, pampu zimezidiwa. Mwenye duara mmoja kamkata mwenzake sikio kwa sababu ya mfereji. Athanas na vijana wake wamemfunga huyo mkataji kwenye nguzo ya goli la shule, wakamchapa viboko mbele ya wanafunzi. Nilipita nikaona. Viboko vilipofika thelathini niliacha kuhesabu. Athanas alikuwa anavihesabu kwa sauti, bila hasira, kama karani. Sikupenda.

28 Aprili, Alhamisi

Wamemuua Benedicto.

Benedicto alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu mnene mpole, mwenye mzani mdogo kwenye kisanduku cha mbao. Kila siku ya mnada alipita kwenye kijito saa nne asubuhi na dereva wake wa pikipiki. Leo alibadilisha, akapita saa mbili, kwa njia ya juu ambayo hajawahi kuipita. Walikuwa wanamngoja huko huko. Dereva alikimbia akapona. Benedicto alikatwa mikono yote miwili kwanza, maana hakutaka kuuachia mkoba, halafu shingo. Wanawake waliokuwa wanakwenda mnadani ndio waliomkuta. Mkono mmoja ulipatikana mbali, kwenye mahindi.

Kila mtu anasema neno moja: kuna aliyewapa habari.

29 Aprili, Ijumaa

Athanas alikuja saa moja asubuhi, akavua kofia. "Shikamoo mwalimu. Nasikia mashine yako inaandika simu zinauliza nini."

Nani aliyemwambia? Boke, bila shaka, naye alisikia kwangu. Nilijivuna kwa kila mtu, hata kwa muuza vitumbua.

Nikafungua laptopu. Nataka niandike hapa jinsi ilivyokuwa, maana kesho nitaanza kujitetea. Nilifurahi. Kamanda mzima amekaa kwenye kigoda changu ananisikiliza kama mwanafunzi. Nikamwonyesha siku ya jana. Akauliza ni simu ipi iliyouliza kuliko zote. Nikasema ya Nashoni. Mara ngapi? Nikasema mara elfu nne mia moja na kumi na mbili, jina moja. Nikafungua mdomo niseme kwa nini. Akauliza hilo jina liko wapi. Nikasema liko nje ya nchi, hukusanya habari za mtu yuko wapi. Akasimama.

"Asante mwalimu. Umesaidia kijiji."

"Ngoja, baba Nyangi, sijamaliza kueleza."

"Utamalizia kwenye mkutano."

Wamemtoa Nashoni kitandani na kaptula. Aliniangalia mimi, hakuwaangalia wao. "Mwalimu, nimefanya nini?" Walimpiga mlangoni, kwenye uchochoro, mpaka barabarani. Nilisimama na kikombe mkononi. Sauti ya fimbo kwenye mfupa siyo kama sauti ya fimbo kwenye nyama, sasa naijua.

30 Aprili, Sabato

Nashoni kafungiwa kwenye stoo ya shule. Kesho ni ritongo, mkutano wa kijiji wa kuhukumu wezi. Nilikwenda kwa Athanas mara mbili nimweleze. Mara ya kwanza hayupo. Mara ya pili alinisikiliza akiwa amesimama, akasema, "Jana ulisema elfu nne. Leo unasema ni bure. Nishike lipi?" Akaingia ndani akafunga mlango.

Boke hakuja kanisani. Nikamkuta kisimani. Jicho la kushoto limefumba kabisa, limekuwa jeusi. Alimwomba mumewe wawangoje polisi wa Tarime, barabara ikikauka watafika. "Usiseme kwa mtu," aliniambia. "Amechoka tu. Hajalala siku mbili." Nikambebea ndoo mpaka kwake. Nilikuwa na hasira njia nzima, na naogopa kuandika nilichomtakia mtu yule.

1 Mei, Jumapili

Nitaandika yote.

Ritongo lilikaa uwanja wa shule saa tatu asubuhi, watu mia sita au zaidi, wanaume mbele na fimbo, wanawake nyuma. Nashoni alikalishwa katikati, mikono imefungwa, midomo imevimba hadi hafungi. Siku nyingine hapa wezi hupigiwa kura. Kila mtu anaandika jina kwenye karatasi, karatasi zinahesabiwa. Ila kila mtu anajua kwamba watu huandika majina ya ukoo wasioupenda, na kila mwaka kuna nyumba inayochomwa kwa hesabu hiyo. Leo mwenyekiti wa kijiji alisema karatasi za nini.

"Safari hii tuna mashine. Mashine haina ukoo."

Wakashangilia. Nilikuwa nimekuja na kila kitu, kibao, modemu, laptopu, betri ya sola ya Selestine. Walinipisha njia kwa heshima. Walidhani nimewaletea ushahidi.

Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba simu kuuliza siyo mtu kuuliza, kwamba ni programu, kwamba niliifungia mimi ndiyo maana ikarudia. Mzee mmoja akanyanyua fimbo. "Mwalimu, iliuliza au haikuuliza?"

"Iliuliza, lakini..."

"Mara ngapi?"

Sijui kudanganya hesabu. "Elfu nne mia moja na kumi na mbili."

Jiwe la kwanza lilimpata Nashoni juu ya sikio. La pili mgongoni. Akaanguka kifudifudi, na kwa kuwa mikono imefungwa nyuma hakuweza kuuinua uso kwenye tope. Nikapiga kelele. "Ngojeni! Nitawaonyesha! Nipeni simu ya mtu msafi, mtu mnayemwamini, muone kama nayo haiulizi!"

Hapo wakaacha kurusha. Simu zikanyooshwa, labda ishirini. Ya mwenyekiti ilikuwa karibu yangu kabisa, kwenye urefu wa mkono.

"Nataka ya kamanda," nikasema.

Athanas alikuja mwenyewe. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Akaitoa mfuko wa shati, akaifungua, akanipa. Programu ya bei ya dhahabu ilikuwa pale mbele, kama ilivyo kwa kila mwanaume wa kilima hiki. Nikaiunganisha na modemu, nikaifungua programu, nikamgeuzia mwenyekiti laptopu. Nikamwambia asome jina lile refu kila likitokea, ahesabu. Akaanza kusoma kwa sauti. Moja. Mbili. Kumi na tisa. Yakaja kwa kasi, akaacha kusoma akawa anahesabu kwa kidole tu. Dakika kumi, mara mia mbili na sita.

"Mnaona?" nikasema. "Ni jina lile lile. Hata ya kamanda inaliuliza. Kwa hiyo Nashoni..."

Nikasikia mwanamke nyuma yangu akisema taratibu, "Na yeye yumo."

"Siyo hivyo!" nikasema. "Hakuna aliyemo! Leteni simu nyingine, leteni zote!"

Waliokuwa wameshika simu walizirudisha mifukoni. Niliona zikirudi, moja moja. Mwenyekiti alisogea mbali na Athanas, hatua moja tu. Nadhani hatua ile ndiyo iliyomuua.

"Ndiyo maana alijua Benedicto atapita wapi," mtu akasema. "Si ndiye aliyekuwa anampangia ulinzi?"

"Ndiyo maana alimkamata huyu haraka. Alikuwa anajificha nyuma yake!"

Athanas alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa. Akawaita vijana wake kwa majina. "Matiko! Matiko mura, kijana wangu, wapange watu." Matiko ndiye aliyempiga kwanza, kwa rungu, juu ya goti. Alipoinama wakamfunika. Nilimwona kwa vipande, mkono, shati, kisogo. Aliendelea kuita majina yao kwa muda, kila mmoja kwa jina lake, halafu akaacha. Boke alipita kati ya miguu ya wanaume, akamlalia, wakamvuta kwa nywele wakamtupa pembeni, wakaendelea. Mimi nilikuwa nimeikumbatia laptopu. Watu mia sita wanapiga mtu mmoja na mimi nimekumbatia laptopu isilowe.

Saa sita walikwenda kuichoma nyumba yake. Hakuna aliyemkumbuka Nashoni. Mimi na Selestine tulimgeuza, tukamtoa tope mdomoni, alikuwa anapumua.

2 Mei, Jumatatu

Nimekivunja kibao kwa shoka. Nilikivunja hata kilipokuwa kimeshavunjika.

3 Mei, Jumanne

Wamezika. Sikwenda.

6 Mei, Ijumaa

Watu watatu wamekuja mlangoni leo, kila mmoja na simu ya mwenzake mkononi. Ya shemeji, ya jirani, ya mke. Wananiomba niipime. Nimewaambia mashine haipo tena. Mmoja akasema atanisubiri nikanunue nyingine.

10 Mei, Jumanne

Polisi wamewakamata wanne Sirari. Walikuwa na mzani wa Benedicto ndani ya kisanduku chake. Mmoja wao ni yule dereva wake wa pikipiki. Aliwapigia simu ya kawaida asubuhi ile, kwa kitochi, akawaambia saa na njia. Hakuuliza jina lolote popote.

Kijiji kimesikia tangu mchana. Watu wanasalimiana kwa sauti ya chini. Mwenyekiti ametangaza kwamba kila kaya itatoa debe moja la mahindi kwa mjane wa kamanda.

14 Mei, Sabato

Badala ya kanisa nimekwenda hospitali Tarime. Nashoni ana taya lililofungwa kwa waya na sikio moja halisikii. Anaongea bila kufungua meno. Nilianza kumwomba msamaha kwa ile elfu nne, akanishika kiganja.

"Mwalimu, we ndo umeniokoa. Ungechukua simu ya mtu mwingine ningekuwa nimekufa. Ulijua utamchagua nani."

Nikamwambia sikujua. Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemtunzia mtu siri. Nimelia kwenye basi mpaka kondakta akanipa maji.

19 Mei, Alhamisi

Leo Boke ameondoka. Anahamia kwa kaka zake Nyansurura, na Nyangi na wale wawili wadogo. Nyumba haipo, na hawezi kuteka maji pamoja na wake za watu waliomuua mumewe. Mahindi ya kijiji ameyaacha chini, magunia kumi na moja, kuku wanayala.

Nilikwenda. Nilijilazimisha. Lori lilikuwa limesimama pale nyumba ilipokuwa, vitanda viwili nyuma, na masufuria yaliyopona moto. Jicho lake limepona. Hakunifukuza. Alinipa upande mmoja wa kitanda nimsaidie kukipandisha, tukakipandisha.

Ndipo akaniuliza, akiwa anafunga kamba. "Dorka. Siku ile simu zilikuwa ngapi?"

"Ishirini. Zaidi."

"Ya mwenyekiti ilikuwa karibu. Niliiona."

"Ilikuwa karibu."

"Basi kwa nini ya baba Nyangi?"

Ningeweza kusema ni kwa sababu alikuwa kamanda, mtu anayeaminiwa. Ndiyo sababu niliyompa polisi aliyeandika maelezo yangu, na polisi aliiandika. Wiki mbili nimejiambia hiyo hiyo asubuhi na jioni. Lakini nilipokuwa naomba simu ile, kabla neno halijatoka, nilitaka watu wote wamwone ameaibika. Nilitaka mkono wa mtu yule utetemeke mara moja tu mbele ya kijiji. Kufa sikumtakia. Aibu nilimtakia, kwa moyo wangu wote.

"Kwa sababu ya jicho lako," nikasema.

Boke akaacha kamba. Akaangalia watoto wanavyokimbiza kuku kwenye mahindi. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru.

"Jicho lilikuwa langu," akasema. "Mimi nilikuambia usiseme kwa mtu."

"Sikusema kwa mtu."

"Umesema kwa watu mia sita."

Akawaita watoto, akawapandisha mmoja mmoja, akapanda mwenyewe mbele na yule mdogo mapajani. Nilibaki nimeshika ubao wa lori hadi dereva akaniomba niachie. Waliondoka saa nne kasorobo, kabla mvua haijaanza.